Seva moja, domeini nyingi: Caddy, Nginx, Apache au Traefik?

Tuseme umekodi seva moja yenye RAM ya GB 4 na anwani moja ya IP. Juu yake umeweka kazi za watu watatu: tovuti ya WordPress ya shule ya sekondari iliyoko Kongwa, duka la mtandaoni la mtengeneza mvinyo wa Mpunguzi lililoandikwa kwa Node.js, na mfumo wa chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti ulioandikwa kwa Django. Shule ina domeini ya sc.tz, mwenye mvinyo ana ya co.tz, chama kina ya or.tz. Kila mmoja anataka mtu akiandika jina lake afike kwake, alama ya kufuli iwepo, na isijulikane kabisa kwamba anakaa nyumba moja na wengine. Na kabla msimu haujaisha atakuja mpangaji wa nne.

Hapo linakuja swali la programu ipi kati ya Caddy, Nginx, Apache na Traefik ikae mlangoni. Wengi wetu tunaofanya kazi hizi hapa Dodoma tunachukua ile tuliyofundishwa chuoni, au ile tuliyoikuta kwenye seva. Si vibaya. Ila tofauti za programu hizi hazionekani siku ya kwanza. Zinaonekana cheti, yaani hati inayoleta ile alama ya kufuli, kinapoisha muda, umeme unaporudi na seva kuwaka upya, au ukiwa Kondoa msibani huku simu inaita mfululizo.

IP moja inatosha

Poti 80 (ya http) na 443 (ya https) za IP moja hushikwa na programu moja tu kwa wakati. Kwa hiyo mifumo yetu mitatu inasikiliza kwa ndani, kila mmoja kwenye poti yake: Node kwenye 3000, Django kupitia Gunicorn kwenye 8000, WordPress kwenye 8080. Programu ya mlangoni inashika 80 na 443, inasoma jina la domeini aliloomba mgeni, kisha inampeleka anakohusika. Tuiite proksi, kama tunavyoiita kazini.

Jina hilo husomwa mahali pawili. HTTP/1.1, iliyotangazwa mwaka 1997, ililazimisha kila ombi lije na kichwa cha Host kinachotaja domeini. Kwenye HTTPS kichwa hicho kimefungwa ndani ya usimbaji fiche, seva haiwezi kukisoma kabla ya kuelewana na kivinjari. Ndipo mwaka 2003 kikaja kiendelezi cha SNI, kinachotaja jina mwanzoni kabisa mwa maelewano ili seva ijue itoe cheti cha nani. Kwa hiyo mtu akikuambia lazima ununue IP ya pili kwa ajili ya domeini ya pili, mwombe akueleze sababu, maana kwa tovuti za kawaida hakuna.

Kasi niiweke pembeni

Ukitafuta ulinganisho wa programu hizi utakutana na grafu za maombi kwa sekunde. Kwa seva ya namna hii grafu hizo hazikusaidii. Tovuti ya shule ikizidiwa, itakayozidiwa ni WordPress na hifadhidata yake, proksi itakuwa bado haijatoka jasho. Zote nne zinatosha kwa trafiki ya ofisi, duka na chama cha ushirika, hata siku wazazi wote wanapoingia kwa pamoja.

Mimi napima mambo matatu: cheti kinajihuisha chenyewe au kinanisubiri, kosa la mpangaji mmoja linawagusa wengine kiasi gani, na nani mwingine mjini hapa anaweza kuishika seva nikiwa sipo. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloweza kugeuza uamuzi wote.

Cheti ndicho kinachobana

Let's Encrypt hutoa vyeti bure, kwa kawaida vya siku 90. Vile vya kununua vilikuwa vinaruhusiwa kudumu hadi siku 398, na kuna mafundi waliozoea kununua cheti cha mwaka, kukibandika kwa mkono na kuweka kumbukumbu kwenye kalenda ya simu. Mtindo huo unakwisha. Aprili 2025 CA/Browser Forum, chombo kinachokutanisha watoa vyeti na watengeneza vivinjari, kilipitisha ratiba ya kupunguza muda huo: siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, siku 100 kuanzia Machi 15, 2027, na siku 47 kuanzia Machi 15, 2029. Juu ya hayo, Juni 2025 Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Ukiwa na domeini 4 na vyeti vya siku 47, kazi ya mkono itakugeuza karani wa vyeti.

Hapa ndipo zinapoachana. Caddy na Traefik zina kazi ya vyeti ndani yake. Nginx na Apache kwa kawaida husaidiwa na Certbot, programu ya pembeni inayoamshwa na ratiba ya mfumo. Apache ina moduli yake, mod_md, tangu toleo 2.4.30, ingawa ni wachache wanaoikumbuka. Nginx ilitangaza moduli ya namna hiyo mwaka 2025, lakini seva nyingi utakazorithi bado zitakuwa na Certbot.

Certbot si mbaya, inafanya kazi vizuri kwa miaka. Udhaifu wake ni kwamba ni kitu cha pili cha kuangalia. Mtu anahamisha seva, anabeba mafaili ya Nginx na vyeti vyenyewe, anasahau ratiba ya kuhuisha. Tovuti inafunguka na kufuli lipo. Miezi miwili na nusu baadaye vivinjari vinaanza kuwatisha wateja kwa maandishi mekundu, na mwenye duka anadhani ameibiwa.

Duka moja, proksi mbili

Tuangalie duka la mvinyo kwa karibu. Nimelipatia domeini ya kubuni. Kwa Caddy, faili zima ni hili:

```
mfano-zabibu.co.tz, www.mfano-zabibu.co.tz {
    reverse_proxy 127.0.0.1:3000
}
```

Basi. Cheti kitaombwa, kitahuishwa, na anayekuja kwa http atapelekwa https. Kwa Nginx:

```
server {
    listen 80;
    server_name mfano-zabibu.co.tz www.mfano-zabibu.co.tz;
    client_max_body_size 20m;

    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:3000;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}
```

Kisha unaita `certbot --nginx` na kutaja domeini, nayo inaongeza mistari ya poti 443.

Urefu si hoja. Hoja ni kwamba kila mstari hapo upo kwa sababu, na ukiukosa kuna kitu kinavunjika kimyakimya. Bila mstari wa Host, programu ya nyuma inaambiwa mgeni ameomba 127.0.0.1:3000. Node huenda isijali, lakini unapokopi faili hilo kwa ajili ya chama cha ushirika, Django itaona jina ambalo halimo kwenye ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina inayoyakubali, na kurudisha kosa 400. Bila X-Forwarded-Proto, programu inadhani mgeni amekuja bila usalama, inamrudisha https, proksi inamleta tena, na kivinjari kinalalamika kwamba kinazungushwa bila mwisho.

Mstari wa client_max_body_size ndio unaoleta simu nyingi kuliko yote. Nginx bila kuambiwa kitu hupokea hadi MB 1 tu. Mwenye mvinyo anapiga picha ya chupa kwa simu yake, picha ina MB 4, anaipakia, anapata kosa 413. Yeye atakuambia mtandao wa Mpunguzi ni mbovu. Vivyo hivyo kwa muda wa kusubiri: Nginx ikikaa sekunde 60 bila kupata neno kutoka nyuma inakata na kutoa 504. Taarifa ya malipo ya wakulima wote ya mwisho wa msimu, ile inayopiga hesabu kwa dakika nzima na zaidi, haitafunguka kamwe mpaka uongeze proxy_read_timeout.

Caddy hupeleka Host na vichwa hivyo vingine yenyewe, WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva) inapita bila maelezo ya ziada, na haiweki kikomo cha ukubwa wa faili. Hilo la mwisho lina upande wa pili: mtu mwenye nia mbaya anaweza kukumwagia faili la GB kadhaa, kwa hiyo weka kikomo mwenyewe kwa request_body. Lakini kati ya kuanza na kitu kinachofanya kazi kisha kukibana, na kuanza na kilichobanwa kisha kutafuta kwa nini hakifanyi kazi, kwa timu ya mtu mmoja nachagua cha kwanza.

Mgeni akija na jina lisilojulikana

Jaribio hili ningelifanya kwenye seva yoyote ninayokabidhiwa. Elekeza kwenye IP yako domeini ambayo hujaiandika popote, uone inafungua nini.

Nginx, isipoelekezwa vingine, humpeleka mgeni wa namna hiyo kwenye `server` ya kwanza iliyosomwa kwa poti hiyo. Mafaili husomwa kwa mpangilio wa herufi, kwa hiyo "ya kwanza" ni bahati ya alfabeti. Matokeo yake: mpangaji wa nne ameelekeza DNS (daftari la mtandao linaloonyesha jina liko IP gani) mapema kabla hujamwandikia faili, anafungua jina la kampuni yake, anakutana na picha ya mahafali ya kidato cha nne. Apache ina tabia ileile, VirtualHost ya kwanza ndiyo inayopokea wasiojulikana, na ndiyo maana faili lake la mwanzo huitwa 000-default.conf.

Dawa ipo. Kwa Nginx unaandika `server` moja yenye default_server inayorudisha 444, yaani kukata bila kujibu, na kwa poti 443 unaweka `ssl_reject_handshake on`. Mistari michache, lakini lazima ujue kwamba inahitajika. Caddy haina cheti cha jina isilolijua, kwa hiyo maelewano ya HTTPS yanashindwa hapohapo. Traefik hutoa cheti chake cha kujitungia na kosa 404. Zote mbili hazimpeleki mgeni kwa mpangaji mwingine, na kwa seva yenye wateja wasiofahamiana hilo lina uzito wake.

Umeme ukirudi

Ukikosea nukta-mkato kwenye faili moja la Nginx kisha ukaagiza isome upya, itakataa na kuendelea na usanidi wa zamani. Kila kitu kinaonekana kizima. Kosa linabaki limelala mpaka seva izime. Siku umeme unakatika, UPS inaishiwa, seva inawaka upya, Nginx inasoma mafaili kwa mara ya kwanza, inakuta kosa, inagoma kuwaka. Domeini zote zimeanguka, pamoja na za wale ambao hawakuguswa. Caddy nayo ina hatari hiyohiyo, faili lake likiwa na kosa wakati wa kuwaka haitawaka. Kwa zote mbili jizoeze kuhakiki kabla ya kitu kingine chochote: `nginx -t` kwa moja, `caddy validate` kwa nyingine, na `apachectl configtest` kwa Apache.

Nginx ina mtego mmoja wa nyongeza. Ukiandika jina la kontena (sanduku la Docker linalobeba programu na mahitaji yake) kwenye proxy_pass badala ya 127.0.0.1, na kontena hilo halijawaka bado, Nginx inashindwa kulitambua jina na haianzi kabisa. Yaani mpangaji mmoja aliyechelewa kuamka anawafungia mlango wote. Caddy hutafuta jina ombi linapofika, kwa hiyo mwenye kontena lililolala ndiye peke yake atakayeona 502.

Kwa kipimo hiki Traefik inaongoza. Kila mpangaji huja na maelezo yake, na ukikosea ya mmoja ni njia ya huyo mmoja tu inayokataa.

Traefik, kwa walioishi kwenye Docker

Traefik haitaki umwandikie mpangaji faili. Inaisikiliza Docker, na kontena likiwaka lenyewe ndilo linalojitambulisha kwa lebo:

```
labels:
  - traefik.enable=true
  - traefik.http.routers.chama.rule=Host(`mfano-chama.or.tz`)
  - traefik.http.routers.chama.entrypoints=websecure
  - traefik.http.routers.chama.tls.certresolver=le
  - traefik.http.services.chama.loadbalancer.server.port=8000
```

Ukilizima, njia inatoweka. Kama ofisi yenu inatoa toleo jipya kila wiki na kila kitu kiko kwenye Docker Compose, utaipenda. Kwa seva ya mtu mmoja yenye wapangaji wanaobadilika mara mbili kwa mwaka, ni vitu vingi vya kukumbuka kwa faida ndogo. Jina la mlango, jina la mtoa vyeti, jina la huduma, yote lazima yalingane na yaliyoandikwa kwenye faili kuu, na ukikosea herufi moja unapata 404 isiyosema kitu.

Kingine ni mafunzo ya zamani. Toleo 2 la mwaka 2019 lilibadilisha namna nzima ya kuandika lebo, kisha toleo 3 likaja 2024. Ukikopi mfano bila kuangalia ni wa toleo gani, utakesha. Pia ili isikilize Docker lazima uipe soketi ya Docker, na anayeishika soketi hiyo ameshika seva nzima. Angalau weka proksi ya soketi katikati, yenye ruhusa ya kusoma tu.

Iwe Traefik au Caddy, ukiiendesha ndani ya kontena hakikisha folda ya vyeti iko kwenye volumu inayobaki. Isipobaki, kila ukiliunda kontena upya inaomba cheti kipya, na Let's Encrypt hairuhusu zaidi ya vyeti 5 vinavyofanana ndani ya siku 7. Ya sita inakataliwa, na unabaki na tovuti bila cheti ukisubiri siku zipite.

Kwa kuwa tumegusa Docker: ukitangaza poti kwa `3000:3000`, Docker huweka kanuni zake za mtandao ambazo zinaipita ufw, programu ya kufunga poti za seva. Unaweza kuwa umefunga kila kitu isipokuwa 22, 80 na 443, ukajisifu, na duka likawa bado linafunguka kwa IP na poti 3000 bila cheti wala proksi. Andika `127.0.0.1:3000:3000`. Hili halihusu proksi uliyochagua, linahusu kila mtu.

Apache haijafa

Kuna vijana wanaoitazama Apache kama redio ya mkulima. Ilianza mwaka 1995, ndiyo, lakini kwa shule yetu ya Kongwa ina hoja nzito: .htaccess. WordPress na nyongeza zake, hasa za usalama na za kasi, huandika kanuni ndani ya faili hilo. Nginx na Caddy hazilisomi. Ukihamisha tovuti kwenda kwenye mojawapo, kurasa zitafunguka vizuri, lakini ile kanuni iliyokuwa inazuia watu kufungua folda fulani imekufa bila kelele. Lazima uipitie mstari kwa mstari na kuitafsiri.

Kwa hiyo kama seva uliyorithi ina tovuti nane za PHP na mfumo mmoja wa Node, usiibomoe. Washa moduli za proxy na proxy_http, andika ProxyPass kwa huyo mmoja, na usisahau `ProxyPreserveHost On`, kwa sababu bila hiyo Apache nayo hubadilisha Host. Kama bado inaendesha PHP kwa mod_php, hamia PHP-FPM na MPM ya event. Kwa mtindo wa zamani kila mchakato hubeba PHP nzima hata anapotoa picha tu, na kwenye GB 4 inayogawanywa na Node na Django utaisikia.

Kuna njia ya kati ambayo kwa mfano wetu naiona ndiyo bora: Caddy mlangoni, Apache ndani kwenye poti 8080 kwa ajili ya WordPress peke yake. Shule inabaki na .htaccess yake, vyeti vinasimamiwa mahali pamoja. Gharama yake ni mambo mawili. Washa mod_remoteip ili logi za Apache zionyeshe IP ya mgeni badala ya 127.0.0.1 kwa kila mtu, na kwenye wp-config.php iambie WordPress iamini X-Forwarded-Proto, la sivyo itaanza ule mzunguko usioisha.

Nginx Proxy Manager na HAProxy

Nginx Proxy Manager ni Nginx yenye ukurasa wa kubofya, na kwa mtu anayeogopa skrini nyeusi ni msaada wa kweli. Ukurasa wake uko poti 81. Usiuache wazi kwa dunia nzima. Mimi inanikera kwamba maelezo ya domeini hukaa kwenye hifadhidata yake, huwezi kuyaweka kwenye Git na kuona nani alibadilisha nini. HAProxy ni mashine ya kugawa mzigo kwenye seva nyingi, na haitoi mafaili ya tovuti yenyewe. Kwa seva moja, iache.

Seva ikiwa ofisini kwako

Baadhi ya vyama na shule wanataka seva ikae kwao, kwenye kabati la ofisi. Tatizo ni kwamba laini nyingi za intaneti hazikupi IP ya umma, mnashirikiana moja na wateja wengine, kwa hiyo hakuna namna ya mgeni kugonga poti 443 yako. Proksi yoyote kati ya hizi nne itakaa kimya bila kuletewa mtu.

Hapo njia ya kutuneli inasaidia. Cloudflare Tunnel huendesha programu ndogo, cloudflared, ndani ya seva yako. Hiyo ndiyo inayofungua muunganisho kwenda nje, na wageni wanaletwa kupitia humo. Inaweza kugawa domeini yenyewe kwa faili lake la kanuni, au ikakabidhi kila kitu kwa Caddy. Masharti yake: DNS ya domeini ihamie kwao, na trafiki inafunguliwa kwenye mitambo yao kabla ya kukufikia. Kwa mfumo wenye namba za simu na malipo ya wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikiwepo, huo ni uamuzi wa uongozi wa chama, si wako peke yako.

Halafu kuna jambo la karani aliye chumba cha pili. Naye, akitumia domeini, anazunguka nje na kurudi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti nchini ilisuasua, na siku kama hizo mfumo ulio hatua kumi kutoka kwenye meza unaweza kushindwa kufunguka. Ukiweka DNS ya ndani inayolipeleka jina hilo moja kwa moja kwenye IP ya ofisi, karani anaendelea na kazi. Katika hali hiyo cheti kiombwe kwa njia ya DNS, kwa sababu Let's Encrypt haiwezi kugonga poti 80 yako. Certbot ina nyongeza za watoa DNS mbalimbali. Caddy inahitaji ujengewe toleo lenye nyongeza husika.

Ningechagua ipi

Kwa watu wetu watatu: Caddy, na Apache nyuma yake kwa ajili ya shule. Kwa ofisi ambayo tayari ina mtu anayeijua Nginx vizuri, Nginx, na nisingeanzisha mjadala. Mafaili yake yanajulikana na karibu kila kijana aliyewahi kusimamia seva, iwe alitoka UDOM, Mipango au alijifunza mwenyewe kwa bando la usiku, na ukihitaji mtu wa kukupokea wiki hii utampata. Caddy ina watu wachache zaidi wanaoijua, ila faili lake linasomeka hata na asiyewahi kuiona, kwa hiyo pengo hilo si kubwa kama linavyosemwa. Traefik ningeichukua tu kama timu nzima inapumua Docker. Taasisi ya umma yenye go.tz haichagui peke yake, miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao inatangulia.

Chochote utakachochagua, mpangilio wa hatua ni uleule. Siku moja kabla, punguza TTL ya rekodi ya DNS, yaani muda ambao jibu lake hukumbukwa, iwe sekunde 300. Angalia kama kuna rekodi ya AAAA (ya anwani za IPv6) iliyosahaulika ya seva ya zamani. Ikiwepo, Let's Encrypt itaifuata hiyo kwanza, seva hiyo ya zamani ikijibu cheti kitakataliwa, na utabaki ukikagua IPv4 ambayo haina kosa. Usirudierudie kuomba kwa hasira, maana ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja unafungiwa kwa muda.

Kabla DNS haijahama, jaribu seva mpya kwa kumdanganya curl aamini kwamba jina tayari liko huko:

```
curl -k --resolve mfano-zabibu.co.tz:443:203.0.113.10 https://mfano-zabibu.co.tz/
```

Kwa Caddy weka `tls internal` kwa muda kwenye domeini hiyo, kwa kuwa cheti halisi hakiwezi kutoka kabla DNS haijafika; ukishahamisha, futa mstari huo na uiagize isome upya. Hamisha domeini moja, iache ilale usiku mzima, ndipo uguse ya pili. Na ya shule usiihamishe wiki ambayo NECTA wanatarajiwa kutoa matokeo, wala ya chama wakati wakulima wanasubiri malipo ya alizeti.